Mlango wa nyuma: namna ya kuendesha ofisi ya usalama na dharura kwenye taasisi ya serikali

Wadau habari za kazi. Kuna wenzangu kadhaa hapa Tanga, na wengine wako Pangani na Muheza, wamepangiwa hivi karibuni kusimamia usalama na dharura kwenye taasisi zao na wananiuliza waanzie wapi, maana mtu anapewa barua, meza na daftari la zamu halafu basi, hakuna anayemwelekeza. Nimekaa na kazi hii miaka mingi kwenye ofisi ya kanda pale mjini, nimeona nikae niandike kwa mpangilio ili na wengine wafaidike.

Kwanza tuelewane jambo moja ambalo ndo mzizi wa yote. Hii ofisi inabeba kazi mbili zinazovutana. Usalama unataka mlango ufungwe, dharura inataka mlango ufunguke. Usalama unataka nondo madirishani, moto ukiwaka zile nondo zinakuwa jela. Ndo maana kazi zote mbili zinatakiwa zikae chini ya mtu mmoja anayejibu kwa zote, akifunga mlango ajiulize watu watatokea wapi, akifungua ajiulize nani ataingilia hapo. Mkizigawa, huyu anashughulika na walinzi na yule na mitungi ya kuzimia moto, kila mmoja ataifanya kazi yake vizuri kabisa na watu watakufa katikati.

Hatua ya kwanza: barua na mamlaka

Usianze na chochote kabla hujapata barua iliyosainiwa na mkuu wa taasisi mwenyewe, inayosema wewe ndo mratibu, unaripoti kwake moja kwa moja, na siku ya dharura ukisema "tokeni" wanatoka wote hadi wakurugenzi. Bila hiyo sentensi utakuja kubishana koridoni na mtu mwenye cheo kuliko wewe wakati moshi unaingia. Omba na msaidizi, maana na wewe unaugua, unaenda likizo, unafiwa.

Halafu zisome sheria zako, sio lazima uwe mwanasheria. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inakuonyesha ngazi za kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, kule juu wanaoratibu ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Kuna Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya 2007, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ambayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanaisimamia. Ukijua hizi tatu, ukiomba fedha za mitungi huombi fadhila, unaomba kitu ambacho taasisi inatakiwa iwe nacho.

Hatua ya pili: litembee jengo lako

Chukua daftari na kalamu, acha kompyuta. Tembea mara tatu kwa nyakati tofauti. Asubuhi saa mbili watu wakiwa wanaingia. Ijumaa saa saba mchana, wakati wengi wameenda msikitini na ofisi zimeachwa wazi na wageni wamekaa benchi wanasubiri. Na usiku wa manane, saa nane hivi, uone mlinzi yuko wapi na taa gani haiwaki. Jengo ni lile lile lakini utaona mambo matatu tofauti.

Andika kila kitu. Waya uliochunika, ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, birika la umeme limekaa juu ya mafaili, ngazi iliyogeuzwa stoo ya viti vibovu. Majengo yetu mengi hapa mjini ni ya zamani, mengine ya tangu Wajerumani, yale ya maeneo ya Bombo na Raskazone mnayajua wenyewe, dari za mbao na nyaya zimeongezwa juu ya nyaya. Halafu toka nje utazame jirani ni nani. Kama mko karibu na bandari au njia ya malori ya mafuta, hiyo ni hatari yako na wewe hata kama mafuta sio yako. Kumbukeni Msamvu Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka watu wakakimbilia kuchota, likalipuka na waliofariki walipita mia. Lori likianguka mbele ya geti lako kazi yako ni kuwatoa watu upande wa pili na mbali, na kuhakikisha hakuna mfanyakazi wako hata mmoja anayesogea kupiga picha.

Hatua ya tatu: milango na funguo

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo nilipofundishwa.

Kulikuwa na ofisi moja niliyofanyia kazi, siitaji, iliibiwa kompyuta mpakato mbili kupitia mlango wa nyuma. Uamuzi ukawa rahisi, mlango ule ukapigwa kofuli na mlinzi akashika ufunguo. Kila mtu aliridhika na mimi nilikuwemo. Miezi ikapita. Ijumaa moja saa saba na kitu, stoo iliyopakana na masijala ikaanza kutoa moshi, ekstensheni moja ilikuwa imebeba birika, feni na mashine ya fotokopi kwa pamoja. Moshi ukashuka koridoni, na koridoni ndo njia ya mlango wa mbele. Vyumba vya nyuma kulikuwa na watu saba, mmoja ni mzee aliyekuja kufuatilia mafao yake na fimbo yake mkononi.

Nikamkimbilia mlinzi, mtu mzima, baba wa makamo. "Mzee, ufunguo uko wapi?" Akanionyesha, anao mkononi tayari, ameshautumbukiza kwenye kofuli. "Ninao binti yangu, ila haugeuki." Nikalishika lile kofuli mwenyewe. Lilikuwa limevaa kutu nyekundu kama unga wa pilipili, inabaki vidoleni. Ufunguo unaingia vizuri, unageuka nusu, unakwama. Ni upepo wa bahari tu, chumvi, miezi minne mvua na jua na hakuna aliyelifungua hata siku moja. Tulilivunja kwa lile jiwe tulilokuwa tunazuilia geti, tunapiga kwa zamu, nadhani dakika nne, na ndani nasikia mtu anakohoa halafu ananyamaza, halafu anakohoa tena. Walitoka wote saba salama alhamdulillahi. Mzee wa watu alitoka ameshika bahasha yake ya mafao kifuani.

Kwa hiyo fanya hivi. Mlango wa dharura usiwe na kofuli wakati watu wako ndani, kabisa. Weka komeo la ndani ambalo mtu analivuta kwa mkono bila ufunguo, upande wa nje usiwe na kishikio, na uweke king'ora kidogo kinacholia mlango ukifunguliwa. Mwizi wa nje haingii, wa ndani akitoka nacho kitu kinalia, na moto ukiwaka mtoto wa miaka kumi anaweza kufungua. Mlango ufungukie nje, sio ndani, kwa sababu watu wakisukumana kwenye mlango unaovutwa ndani haufunguki tena. Nondo za madirisha za vyumba visivyo na njia ya pili, angalau dirisha moja liwe na nondo za bawaba ambazo mtu aliye ndani anaweza kuzifungua. Fundi yeyote wa kuchomelea pale Ngamiani anakutengenezea.

Funguo zingine zote ziwe na ubao, kila msumari na namba yake, na daftari la kuchukua na kurudisha. Nakala ya pili ikae sehemu nyingine kabisa, sio ofisi ile ile. Ufunguo wa masijala ya siri hauingii kwenye ubao huo, una utaratibu wake, unabaki kwa wahusika waliopekuliwa na kuidhinishwa tu, ila bahasha iliyofungwa kwa lakiri yenye nakala iwe kwa mkuu wa taasisi. Na kila tarehe mosi ya mwezi pita kila kofuli na kila kitasa, fungua, funga, weka tone la mafuta ya cherehani. Huku pwani chuma kinaliwa. Nunua kofuli za shaba, hela yake inarudi.

Hatua ya nne: jua nani yuko ndani

Baada ya wale saba kutoka, zimamoto walipofika swali lao la kwanza lilikuwa kuna mtu amebaki? Hakuna aliyeweza kujibu. Daftari la wageni lilikuwa na muda wa kuingia, safu ya muda wa kutoka ilikuwa nyeupe ukurasa mzima. Kulikuwa na binti wa fildi hatumwoni, simu yake inaita haipokelewi, na askari mmoja wa zimamoto alishaanza kuvaa mtungi wake wa hewa aingie kumtafuta. Binti alikuwa ameenda kula. Yule askari angeingia kwenye moshi kumtafuta mtu anayekula wali barabara ya pili.

Kwa hiyo mlinzi wa geti asirudishe kitambulisho cha mgeni bila kuandika muda wa kutoka, hiyo ndo kamba ya kumfungia. Kila idara iwe na mtu mmoja wa kuhesabu, na mbadala wake, wenye orodha ya karatasi ya waliopo siku hiyo, ikiwemo wa fildi, wafanya usafi, mafundi na mama lishe anayeingia na hotipoti. Nasema karatasi kwa sababu umeme ukikatika na seva inazima. Mtu akitoka mchana anamwambia wa kuhesabu, sio adabu tu, ni uhai wa mtu mwingine.

Walinzi nitasema kwa kifupi ila mniunge mkono. Wape maelekezo ya kituo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nini cha kufanya akiona moshi, akija mtu na fujo, akikuta mfuko usio na mwenyewe (haugusi, anasogeza watu, anapiga 112). Makabidhiano ya zamu yafanyike kwa kutembea jengo wote wawili, anayetoka na anayeingia, ndo wasaini daftari la matukio. Na waingizwe kwenye mafunzo yote mnayofanya. Mara nyingi wanaachwa nje kwa sababu ni wa kampuni, wakati usiku jengo zima liko mikononi mwao.

Hatua ya tano: moto

Alika zimamoto waje wakague kabla hawajaja wenyewe. Watakuambia mitungi mingapi, ya aina gani, ikae wapi. Kwa ufupi ni kwamba ya poda inafaa sehemu nyingi lakini inaharibu vifaa, hivyo chumba cha seva kinataka ya kabonidayoksaidi. Hiyo nayo ina mambo yake, usishike ile tarumbeta yake, yaani mdomo mpana wa kupulizia, kwa mkono mtupu kama haina kinga maana baridi yake inaunguza, na kwenye chumba kidogo ukishapuliza toka ufunge mlango kwa sababu inafukuza hewa ya kupumua. Maji hayaendi kwenye umeme, hili warudieni watu kila mwaka.

Wewe mwenyewe kila mwezi angalia mshale wa kipimo cha presha uko kwenye kijani, pini ipo na haijashika kutu, mpira haujapasuka, na hakuna aliyegeuza mtungi kuwa kizuizi cha mlango. Ile ya kabonidayoksaidi haina mshale, inapimwa kwa uzito, usidanganyike kwamba iko sawa kwa kuitazama.

Wafundishe watu kwa vitendo, watano watano, nje. Vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto sio kwenye miali, bana, fagia kushoto kulia. Waambie wazi mtungi wa kilo sita unaisha chini ya nusu dakika, kwa hiyo ni wa moto wa ukubwa wa kapu la taka, ukishapanda darini acha, toka, funga mlango nyuma yako. Na siku zote mgongo uelekee njia ya kutokea.

Namba za simu zibandikwe kila mlango kwa maandishi makubwa: zimamoto 114, polisi 112, na namba ya mapokezi ya dharura ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo. Kama una wajawazito ofisini weka na 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito. Mfundishe kila mtu namna ya kupiga, utaje mtaa na jengo maarufu la jirani, nini kinaungua, kuna watu ndani au hakuna, usikate simu wewe kwanza. Halafu mtu mmoja atumwe barabarani kuwapokea na mwingine afungue geti kubwa na kuondoa magari. Gari la zimamoto likifika likakuta Noah ya bosi imeziba geti ni aibu ambayo haina maelezo.

Hatua ya sita: mazoezi

Mara mbili kwa mwaka, moja mnatangaza na moja hamtangazi isipokuwa mkuu wa taasisi na zimamoto wanajua. Pima muda kwa saa kuanzia kengele hadi wa mwisho kuhesabiwa. Eneo la kukutania liwe mbali na ukuta na mbali na njia ya gari la zimamoto, na liwe na kivuli, nasema kwa moyo kabisa, jua la Tanga saa saba watu hawasimami, watatawanyika na hesabu yako inaharibika. Sisi tunakutania chini ya mwembe.

Mtu mwenye ulemavu, mzee, mjamzito, kila mmoja apangiwe watu wawili wa kutoka naye kwa majina, na mkae naye mumuulize yeye anataka asaidiweje. Nilijifunza kwa mwenzetu mmoja asiyeona, alituambia msinivute mkono, nipeni bega nishike. Kiziwi hasikii kengele, atahitaji taa au mtu wa kumgusa.

Hatua ya saba: mvua, upepo na bahari

Hapa kwetu ukishafika Machi masika inakaa hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Disemba, hizo ndo nyakati zako za kulala na simu imewashwa. Fuata TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kila siku, wanatoa utabiri wa siku tano na rangi zake, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukiishia kuisambaza kwenye grupu la WhatsApp hujafanya kitu, kila rangi iwe na kazi yake imeandikwa. Sisi njano ikitoka tunazibua mifereji na kuangalia paa, mafaili yote ya rafu ya chini yanapanda juu, jenereta inajazwa mafuta. Chungwa ikitoka safari za wilayani zinasimama, maana madereva wanalazimishwa kupita maji kwa sababu tu kuna posho, na maji ya magotini yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima na yakipanda kidogo yanabeba gari. Nyekundu, wanaoishi mabondeni na pembezoni mwa bahari wanaruhusiwa mapema wakakae na familia zao, anabaki yule tu ambaye huduma yake haisubiri.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, kikagusa nchi kavu huko Mafia tarehe 4, na Aprili 2021 Jobo alipotutisha halafu akafifia, nilisikia watu wanasema tahadhari za bure. Sio za bure. Kimbunga kikififia shukuru Mungu na hesabu kwamba mmefanya zoezi, mafaili yatashuka kesho.

Walio Raskazone na kando ya bahari waongeze hili: ukihisi tetemeko la nguvu na refu, au ukiona bahari inarudi nyuma ghafla bila kuwa ni maji kupwa, usisubiri tangazo, panda sehemu ya juu kwa miguu. Mwaka 2004, tarehe 26 Disemba, mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalifika hadi pwani yetu na watu walifia majini Dar es Salaam.

Jitambulishe pia kwa kamati ya maafa ya wilaya kabla ya shida. Mkuu wa Wilaya na watu wake wajue jengo lenu lina nini, ukumbi wa kuhifadhi watu, gari, jenereta, kisima. Jirani anayejulikana husaidiwa haraka.

Hatua ya nane: siku yenyewe na baada yake

Siku ya tukio sauti iwe moja, yako au ya msaidizi wako. Unatoa watu, unahesabu, unawaachia wenye kazi yao, zimamoto wakifika wao ndo wenye amri ya eneo na wewe unakuwa mwenyeji wao, unawapa ramani, funguo na idadi. Hakuna anayerudi kuchukua pochi. Anayezungumza na waandishi ni afisa habari au mkuu, wengine wote wanyamaze, na hakuna picha ya majeruhi mtandaoni, kuna mama yake atakayeiona kabla hajapigiwa simu.

Ndani ya siku moja andika taarifa wakati kumbukumbu bado mbichi. Saa ngapi nani aliona nini, kengele ilipigwa saa ngapi, walitoka dakika ngapi, kipi kilikwama. Andika kilichokwama hata kama ni kosa lako. Ile taarifa yangu ya Ijumaa ile niliandika kwamba mratibu aliidhinisha kofuli bila kulipangia matengenezo, na mratibu nilikuwa mimi. Ndo iliyotuletea fedha ya makomeo.

Huduma nazo hazisubiri. Mzee wa mafao hapaswi kuambiwa faili lake limeungua. Bakapu ya seva ikae mji mwingine, sio chumba cha pili cha jengo hilo hilo, na mara moja kila robo mwaka jaribu kuirudisha uone kama inafunguka. Kubalianeni na taasisi jirani kwa maandishi kwamba mkipata janga mnahamia ukumbi wao na meza tano. Na watu waliopita kwenye moshi wakae na mtu wa ustawi wa jamii, kuna dada mmoja kati ya wale saba alikuwa hawezi kukaa chumba kilichofungwa mlango hadi miezi mitatu baadaye, tukamhamishia meza yake karibu na mapokezi ambako mlango uko wazi muda wote.

Lile kofuli la kutu ninalo mpaka leo kwenye droo ya meza. Mratibu mpya akija kukabidhiwa ofisi, namkabidhi na hilo, na kichupa cha mafuta ya cherehani.